Usiku wa Alhamisi, Saa Kumi

Kokuberwa alikuwa hajaufungua ukurasa wa Mshale kwa mwaka mmoja na miezi saba. Hakuwa ameusahau. Kila alipowasha kompyuta aliuona pale pembeni, akaupita, kama mtu anavyoipita nyumba ya jamaa waliyekosana naye. Siku alipoufungua ilikuwa asubuhi ya Desemba. Shule zilikuwa zimefungwa, mitihani ya hisabati ya wanafunzi wake amekwisha kuisahihisha, na nyumba yake ya Tegeta, ambayo upande wa nyuma ilikuwa bado haijapigwa plasta, ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia koleo za mafundi wa jirani zikikwangua mchanga.

Mshale haikuwa maktaba ya vitabu. Waandishi wa programu huita maktaba ile kazi ambayo mtu ameiandika mara moja, akaiweka wazi mtandaoni ili wengine wasianze upya. Wanaichukua bure, wanaichomeka kwenye programu zao, na anayetaka kuirekebisha anairekebisha. Kokuberwa na mwenzake Zoeb waliianzisha wakiwa mwaka wa mwisho chuoni, yeye akilala hosteli za Mabibo, Zoeb akitokea nyumbani kwao Kinondoni, ambako baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ya Mshale ilikuwa moja tu. Ukiiandikia "kesho saa mbili na robo asubuhi", inakupa tarehe na saa kwa namna ambayo kompyuta inaelewa. Maana kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane, na watu wa huku wanahesabu saa tangu jua linapochomoza. Kabla ya hapo kila aliyeandika programu ya kutuma vikumbusho alikuwa akihangaika mwenyewe, na wengi walikosea. Wao wakaifanya vizuri, wakaiita Mshale kwa ajili ya mshale wa saa, wakaiachia dunia.

Ikapendwa. Makanisa yaliitumia kukumbusha wanakwaya mazoezi, shule zikaitumia kuita wazazi vikaoni, kampuni za mabasi zikaitumia, na baadaye vituo vya afya. Kwa muda mrefu hawakujua hata nani anaitumia; walijua tu kwamba inachukuliwa, maana mtandao ulikuwa ukihesabu.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowagombanisha, nacho kilikuwa usiku.

Kwao Zoeb, usiku hutangulia mchana wake. Jua likizama Jumatano, kwao Alhamisi imeshaingia, na usiku ule ni usiku wa Alhamisi. Kwao Kokuberwa, Bukoba, usiku wa Alhamisi ni ule unaokuja Alhamisi yenyewe ikishakwisha. Sentensi moja, siku mbili. Zoeb alitaka Mshale ikikutana na sentensi kama hiyo isimame, iseme haijui, imuulize aliyeandika. Kokuberwa alikataa. Alisema hakuna atakayetaka maktaba inayouliza maswali. Watu wanataka jibu. Wakavutana wiki nzima kwa ujumbe na kwa simu, mwisho Zoeb akachoka, akakubali usiku ufuate mchana. Ila juu ya mstari ule aliacha maelezo, yale ambayo mwandishi wa programu humwachia atakayesoma baada yake na ambayo kompyuta haiyajali. Yalisomeka: *Hapa tunabahatisha. Koku anajua.*

Zoeb alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Alifariki mwezi wa Mei, ana miaka thelathini na minne. Kokuberwa alikwenda msibani, akakaa na wanawake, akampa mkono Shahbanu, mke wa marehemu. Tangu siku ile hakuifungua tena Mshale, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na picha ndogo ya Zoeb amevaa kofia yake nyeupe yenye uzi wa dhahabu. Alizima taarifa zote za mtandao ule zisimfikie. Alijiambia kazi imekamilika, haihitaji mtu.

Asubuhi ile ya Desemba alitaka kusafisha tu: kufuta ya zamani, kujibu machache yanayojibika, kisha kuandika tangazo kwamba anatafuta mtu wa kumrithi. Ukurasa ulipofunguka, kilichokuwa juu kabisa ya orodha ni picha ya Zoeb, na pembeni yake maneno ya mtandao wenyewe: *Zoeb anasubiri ukaguzi wako.*

Aliondoa mkono kwenye kompyuta. Nje mafundi walikuwa wamenyamaza, labda wanakunywa chai.

Alipopata nguvu alifungua. Lilikuwa pendekezo la marekebisho, mistari mia mbili na kitu, limetumwa siku kumi na moja kabla Zoeb hajafa. Ndani yake Mshale ilikuwa imefundishwa kusimama. Ikikutana na usiku wenye utata ilitoa tarehe zote mbili na kumuuliza aliyeandika anakusudia ipi. Chini Zoeb alikuwa ameandika: *Koku, nimeongea na binti aliyeleta ile ishu uliyoifunga. Isome tena mpaka mwisho, halafu tuzungumze. Usiache.*

Akaitafuta ishu yenyewe, yaani ile taarifa ya kosa anayoileta mtumiaji. Aliikumbuka kwa mbali. Ililetwa na mtu aliyejiita Hope Elibariki, mwishoni mwa Machi mwaka ule, kwa maneno machache. Muuguzi aliandika "usiku wa Alhamisi saa kumi". Mshale ikatoa Ijumaa alfajiri. Ilitakiwa Alhamisi alfajiri. Tafadhali angalieni. Na jibu la Kokuberwa mwenyewe lilikuwa chini yake, limeandikwa siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko ya saa nne shuleni, bila shaka kikombe cha chai kikiwa mkononi: *Hili si kosa. Usiku wa Alhamisi ni usiku unaofuata baada ya Alhamisi. Mshale inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Ninafunga.*

Chini ya jibu lake yalikuwapo maoni ishirini, na yote yalitoka kwa Hope, moja kila mwezi, tarehe kumi na sita. Yote yalikuwa na maneno yaleyale, neno kwa neno:

*Ndugu mgonjwa, unakumbushwa kufika kituoni kwa ajili ya kusafishwa damu Ijumaa tarehe 17, saa kumi alfajiri. Usichelewe.*

Kokuberwa aliyasoma yote ishirini, ingawa baada ya la pili alikwisha kujua la mwisho litasema nini. Alijikuta anayasoma kwa sauti. Alipofika la kumi na tatu alisikia sauti yake mwenyewe ndani ya nyumba tupu ikisema usichelewe, akanyamaza, yaliyobaki akayamalizia kwa macho.

Mchana alimpigia Shahbanu. Walikuwa hawajazungumza tangu ule msiba. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na wazazi, kisha Kokuberwa akamuuliza kama Zoeb, siku zake za mwisho, aliwahi kutaja kitu cha Mshale.

Shahbanu akasema kwa upole, bila kumlaumu, kwamba alikuwa akitaja kila siku. Asubuhi akiamka, kabla ya dawa, alikuwa anauliza swali moja. "Alikuwa anasema, 'Koku kajibu?' Nami nikitazama simu yake namwambia bado. Siku ya mwisho pia aliuliza. Mie nilidhani mmekosana, nikaona si vizuri kukusumbua."

Kokuberwa alimwambia hawakukosana. Alimwambia siku zile alikuwa na mitihani ya kidato cha sita, ujumbe ulikuwa mwingi, wa Zoeb aliuona akasema atausoma Jumamosi. Shahbanu akasema anaelewa. Kule kuambiwa kwamba anaeleweka ndiko kulikomfanya Kokuberwa, baada ya kukata simu, akae chini sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, mpaka miguu ikafa ganzi.

Usiku ule hakulala vizuri, wala uliofuata. Lakini mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi. Ghafla aliusikia usiku kila mahali. Redioni mtangazaji alisema mkesha utakuwa usiku wa Ijumaa, na Kokuberwa akasimama na sufuria mkononi akijiuliza Ijumaa ipi. Mama muuza samaki alimwambia mzigo mpya unaingia usiku wa Jumapili. Kanisani walisoma ratiba. Kila mtu alisema kwa uhakika, na kila aliyesikia alitikisa kichwa, na yeye peke yake ndiye aliyeona ufa ulipo. Alifikiria zile programu zote ambazo Mshale imo ndani yake, mahali asipopajua, kwenye mashine asizoziona, zikijibu bila kusita kwa sababu yeye alitaka zijibu bila kusita.

Siku ya tatu alimwandikia Hope. Alijitambulisha, akasema amesoma, akaomba waonane. Jibu lilikuja baada ya saa moja: *Njoo Mabibo. Geti la hosteli.*

Alifika saa nne asubuhi. Upande wa sokoni malori yalikuwa yanashusha mananasi, na harufu yake ilikuwa imetanda mpaka getini. Hope alikuwa msichana mrefu, mwaka wa tatu wa masomo ya kompyuta, amevaa raba na dera la nyumbani kama mtu aliyekusudia kuonyesha kwamba hakujiandaa. Hakumwamkia. Kokuberwa, ambaye kwa kazi yake alizoea shikamoo mia kwa siku, aliisikia ile iliyokosekana kuliko zote.

Walikaa kwenye benchi la mama ntilie. Hope alieleza taratibu, kama mtu anayesoma ripoti. Mama yake, Sekela, alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika kituo kimoja cha watu binafsi. Figo zilikuwa zimekufa. Mashine ni chache, wagonjwa wengi, zamu ya kwanza inaanza saa kumi alfajiri. Wiki ile ratiba ilibadilishwa. Muuguzi, mwanamke wa Pwani, aliandika kwenye mfumo "usiku wa Alhamisi saa kumi", akimaanisha Alhamisi alfajiri, kama wasemavyo kwao. Mfumo ukatuma ujumbe wa Ijumaa. Ijumaa wakaenda, wakaambiwa zamu yenu ilikuwa jana, nafasi iliyopo ni Jumatatu. Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, mama akashindwa kupumua. Chini ya ujumbe kulikuwa na maandishi madogo: *umepangwa na Mshale*. Hope akatafuta Mshale ni kitu gani.

Kokuberwa aliuliza kwa nini kwenye ishu hakuandika kwamba mtu amekufa.

"Ungeamini?" Hope alisema. "Nilitaka uone kosa lenyewe. Mwalimu wetu katufundisha, ukiripoti tatizo usilete hisia, leta ushahidi. Nikaleta ushahidi. Ukafunga."

"Na zile jumbe za kila mwezi?"

Hope aliangalia malori. "Nilikuwa naangalia kama kuna mtu," alisema. "Naandika, nasubiri. Yule kaka mwingine alinipigia simu mara moja. Alikuwa anaongea anapumzika, anaongea anapumzika. Akaniahidi wiki mbili. Baada ya hapo kimya. Nikasema, basi, humu ndani hamna watu. Lakini nikawa siwezi kuacha."

Kokuberwa alimwambia kwamba Zoeb alifariki ndani ya zile wiki mbili. Hope hakuwa anajua. Aliinama, akakunja pindo la dera lake, akalikunjua. Kokuberwa akaanza kusema maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Tegeta, na Hope akamkatisha kwa heshima.

"Sitaki pole, dada. Pole nimezipata za kutosha. Nataka uandike palepale ulipofunga. Halafu uje nyumbani Ukonga ukamwambie baba. Yeye anadhani mashine haziwezi kukosea. Mie nikimwambia hanisikii."

Jumamosi walikwenda Ukonga pamoja. Mzee Elibariki alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa Meru, mwili umepungua lakini mgongo umebaki wa gwaride. Safari hii ni Kokuberwa aliyeamkia. Mzee aliitikia marahaba, akamkaribisha kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma. Ukutani kulikuwa na picha ya Sekela, mwanamke mwenye mashavu ya mviringo, anacheka macho yamefumba, kama aliyepigwa picha kabla hajawa tayari.

Kokuberwa alimweleza kila kitu: Mshale ni nini, waliiandika vipi, mwenzake alitaka nini na yeye alikataa nini, na kwamba ile tarehe ya Ijumaa ilitoka kwenye mstari ambao yeye ndiye aliyeung'ang'ania. Alisema bila kujitetea. Mzee alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Alipomaliza, mzee alimtuma Hope dukani akalete soda.

Mlango ulipofungwa hakumtazama Kokuberwa. Alitazama kochi alilokalia.

"Sekela aliniambia ni usiku ule," alisema. "Jumatano, mchana, amekaa hapo ulipokaa wewe. Akasema, Baba Hope, yule sista kaniambia kwa mdomo wake, ni alfajiri ya kesho. Nikachukua simu nikamwonyesha. Nikamwambia soma. Akasoma. Akasema, lakini yule sista kaniambia. Nikamwambia, mama, kilichoandikwa ndicho."

Kokuberwa aliitazama picha ya ukutani.

"Miaka thelathini na moja nimesimama getini," mzee aliendelea. "Mtu anakuja analia, anaapa, anasema siku yangu ya kutoka ni leo. Unaangalia karatasi. Karatasi ikisema kesho, ni kesho. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwahi kumkosea mtu. Basi nikamfanyia mke wangu hivyohivyo. Akaenda kujilaza. Alikuwa amekwishatenga kanga na kuweka viatu mlangoni."

Nje kuku alikuwa anaparua mabati. Kisha mzee akaongeza kwamba Hope hajui. Hakusema kwa kuomba, wala hakusema asiambiwe. Alisema tu, kama anayetaja namba ya nyumba.

Kilichomtokea Kokuberwa wakati ule hakuwahi kumsimulia mtu. Kwanza alihisi wepesi. Kwa pumzi moja mzigo wote ulimtoka kichwani ukakaa kichwani kwa yule mzee, na akaona wazi jinsi mambo yangeweza kwenda: mume angemsikiliza mkewe, Sekela angefika kwa wakati, na Mshale ingebaki maktaba nzuri yenye kasoro ndogo. Halafu akamwona mzee alivyokaa, na akauonea aibu wepesi ule. Hope aliporudi na chupa tatu za soda baridi aliwakuta wamekaa kama alivyowaacha. Kokuberwa alikunywa yake yote bila kuisikia ladha.

Kazi aliifanya wiki iliyofuata. Pendekezo la Zoeb lilikuwa limelala muda mrefu, vitu vingine vilikuwa vimebadilika pembeni yake, majaribio matatu ya kuipima kazi yalikuwa yanaanguka. Alikaa barazani mchana kutwa siku nne akiyanyoosha. Alikuwa anasoma mistari ya mtu aliyeandika huku anapumzika. Unaona kabisa mahali alipoacha na mahali aliporudi, maana baada ya kila mapumziko sentensi za maelezo zilikuwa fupi zaidi. Mahali pengine alikosea herufi, jambo ambalo Zoeb hakuwa nalo. Kokuberwa alizisahihisha zote isipokuwa moja, ambayo hakuwa na moyo wa kuigusa.

Siku ya nne, saa nane mchana, alibonyeza kukubali.

Hakuwa amefikiria kitakachofuata. Mtandao haujui nani amekufa. Ukaandika kwenye ukurasa wa mbele, mbele ya watu wote wanaoifuata Mshale, kwamba Zoeb ameleta mabadiliko mapya, dakika moja iliyopita. Picha ile ya kofia nyeupe ikapanda juu kabisa. Kabla ya jioni mtu mmoja wa Arusha alikuwa ameandika, *Karibu tena kaka Zoeb, ulipotea sana.* Mwingine akamtania kwamba alidhani ameshaacha kazi hizi. Mwingine akamuuliza yeye, Zoeb, swali la kiufundi, na akasema hana haraka, anaweza kusubiri.

Kokuberwa akawajibu mmoja mmoja kwamba Zoeb alifariki. Iliwachanganya. Wa Arusha aliuliza, kama alifariki, hii kazi ya leo nani kaifanya? Akamjibu, ni yake, mimi ndiye nilichelewa kuipokea. Kisha akaenda kwenye ile ishu, akaifungua tena, akaandika chini ya maoni ishirini: *Hili lilikuwa kosa. Nililiamua mimi, na mwenzangu alinionya. Mtu alikosa matibabu kwa sababu ya jibu la Mshale, akafariki. Yeyote mwenye toleo la zamani alibadilishe leo.* Akatia jina lake kamili na namba ya simu.

Wengine walibadilisha. Wengine walilalamika kwamba toleo jipya limeharibika, linauliza maswali, la zamani lilikuwa linajibu vizuri. Na kwenye kile kituo alikotibiwa Sekela, Kokuberwa na Hope walikwenda wenyewe, wakapokelewa vizuri, wakapewa viti. Kijana wa ofisi ya mifumo alieleza kwamba mfumo ulijengwa na mkandarasi aliyeondoka, nakala ya Mshale imo ndani humo tangu mwanzo, na hakuna anayethubutu kuigusa maana inaweza kuzima yote. Aliahidi kulipeleka suala kwenye kikao. Alikuwa amechapisha leseni ya Mshale kwenye karatasi, akawasogezea mezani bila ubaya wowote. Ilikuwa leseni ile ambayo Kokuberwa aliinakili mahali fulani akiwa na miaka ishirini na tano bila kuisoma: kazi hii inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na waandishi hawatawajibika kwa madhara yatakayotokea.

Waliporudi, kituoni Mwenge wakisubiri kila mmoja gari lake, Hope alimuuliza jambo ambalo Kokuberwa alikuwa ameliogopa tangu Ukonga.

"Siku ile baba aliponituma soda, alikwambia nini?"

"Habari za kazi yake," Kokuberwa alisema. "Za getini."

Hope alimtazama kwa muda. "Nilirudi nikamkuta amevaa uso wa siku ya mazishi," alisema.

"Nilikuwa nimemkumbusha habari za mama yako. Ni mimi."

Hope akaitikia kwa kichwa, akapanda gari la Mabibo. Tangu hapo alianza kuisaidia Mshale. Alikuwa mkali, mwenye macho, hakuna kosa lililompita, na kila alipotuma kitu alianza kwa shikamoo. Kokuberwa alikuwa akiliona jina lake linajitokeza kwenye orodha, anajua hatampata tena msaidizi kama huyu, na anajua pia kwamba anamficha kitu kilicho chake. Mara mbili alianza kumwandikia. Mara zote mbili alifuta. Haikuwa siri yake ya kutoa, alijiambia. Kisha akajiuliza kama hayo si yaleyale, kumwamulia mtu kwamba hana haja ya kuulizwa.

Mwezi wa pili, shule zimefunguliwa, simu yake iliita akiwa anasahihisha madaftari katika chumba cha walimu. Ilikuwa namba asiyoijua. Alikuwa Mzee Elibariki, namba ya Kokuberwa ameitoa mtandaoni pale alipoiandika, au kaipata kwa Hope, hakusema. Walisalimiana. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, leo ni siku gani.

Kokuberwa alimwambia ni Jumanne.

"Asante, mwalimu," mzee alisema, akakata.

Alipiga tena Alhamisi. Akapiga wiki iliyofuata. Kokuberwa mwanzoni alidhani ni akili inaondoka, akataka kumwambia Hope, lakini mzee mambo mengine yote aliyajua: bei ya saruji, jina la waziri mpya, siku Hope anapomaliza mitihani. Ana kalenda ukutani, Kokuberwa aliiona. Ana simu, na simu inaonyesha siku. Alichokuwa anataka ni kuisikia kwa mdomo wa mtu. Baada ya hapo hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Sasa anapiga mara moja kwa wiki, mara mbili, daima mchana. Wanafunzi wamezoea kumwona mwalimu wao akiomba radhi katikati ya hesabu na kutoka na simu hadi kwenye korido. Wanamwona anasimama pale kwenye jua, simu sikioni. Hajibu upesi. Anarudi mpaka mlangoni, anachungulia ubaoni tarehe waliyoiandika asubuhi, anamuuliza aliye karibu kama ni kweli, ndipo anajibu.